Mwaloni Haukunisubiri

Nauli niliilipa tangu Januari, nikiwa na shabaha moja: kuuona mwaloni ukifungua majani. Mti huo niliujua katika Biblia tu, mialoni ya Mamre alikokaa Abramu, na nilikuwa nimesoma kwamba huko Uingereza huchipua mwishoni mwa Aprili. Kibali cha kuingia msitu wa Wytham, nje kidogo ya Oxford, nikakiomba cha tarehe 29. Siku zangu nne za London sina la kuzisimulia, ila kwamba chumba kilikuwa baridi na kikombe cha chai kilinigharimu pesa ya mlo kamili wa nyumbani.

Teksi kutoka stesheni ya Oxford ikanitoza pauni 25 kwa mwendo usiofika kilomita kumi. Nilibisha, nikalipa. Hasira haijanitoka, nikainua macho: mialoni imekwisha kuvaa. Majani mapana, kivuli tayari chini. Nilisimama pale karibu nilie. Nimevuka bahari kuja kushuhudia arusi, nakuta watu wanaosha vyombo.

"Umechelewa kama wiki mbili," akasema bibi mmoja aliyekuwa amesimama njiani na daftari mkononi. Alikuwa amepita miaka themanini. Akaniambia kwamba alipokuwa binti, mwaloni ulikuwa mti wa Mei. Siku hizi Machi ikija na joto, mti hausubiri kalenda. Akanichukua hadi kwenye mmoja uliokuwa bado na machipukizi ya kahawia yaliyofumba. Huo, akasema, kila mwaka huwa wa mwisho, ingawa jirani yake wa hatua kumi hutangulia. Kila mwaloni una tabia yake, na tabia hiyo haibadiliki. Kinachosogea ni tarehe ya wote.

Tukiwa pale, kitu kikashuka kwenye mkono wa koti langu kikining'inia kwa uzi: kiwavi cha kijani, chembamba kama sindano. Nilitaka kukipangusa. Akanizuia.

Saa nzima ikaishia kwenye kiwavi hicho. Mama yake ni nondo asiyeweza kuruka. Hupanda shina kwa miguu majira ya baridi na kutaga huko juu. Mayai yakianguliwa kabla machipukizi hayajafunguka, vitoto hufa njaa ndani ya siku chache. Yakichelewa, jani limekwisha kukomaa na kujaa tanini, ile dutu chungu, halilishi tena. Na nyuma ya kiwavi yuko ndege mdogo wa kifua cha njano anayelea makinda kwa viwavi hivyo. Wytham ndege hao wamehesabiwa tangu 1947, katika viota vya mbao zaidi ya elfu moja, na sasa hutaga yapata wiki mbili mapema kuliko miaka ya 1960. Kila mmoja anamkimbiza mwenzake, na aliyetangulia mbio ni joto.

Daftari lenyewe ndilo lililonichoma. Bibi yule alinieleza kwamba huko Norfolk bwana Robert Marsham alianza kuandika dalili za majira ya kuchipua mwaka 1736, na ukoo wake ukaendelea hadi 1958. Zaidi ya miaka mia mbili ya tarehe!

Nikamkumbuka Baba, Tabora, mfuga nyuki maisha yake yote. Miyombo ikitoa majani mekundu, kabla hata mvua haijanukia, yeye huwa ameshaandaa mizinga. Usiku ule nikampigia simu.

"Shikamoo, Baba. Mwaka jana miyombo ilichipua lini?"

"Marahaba. Si ile wiki aliyooa mdogo wako! Tulikuwa bado na maturubai uani."

"Na mwaka juzi?"

Akanyamaza kitambo. "Mwaka juzi... nilikuwa nimelazwa. Muulize mama yako."

Nikatafuta kadi ya arusi kwenye simu. Tarehe 14 Septemba. Nikaiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu, kisha nikasema, "Baba, mpe Mama simu."