Wiki 3 nikisubiri barua moja

Nilimwandikia profesa wangu baruapepe mara 3. Kimya. Naomba nafasi ya uzamili Ujerumani, mwisho wa maombi ni Ijumaa, na barua ya mapendekezo lazima itoke kwa mtu aliyenifundisha. Nikaanza kujiuliza nimemkosea nini, maana ndiye aliyesimamia utafiti wangu wa sangara.

Jana nikafunga safari kutoka Sengerema kwenda kwake Mwanza. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatungoji tena kivuko, zile kilomita 3 juu ya ziwa zinaisha upesi. Lakini moyo ulinidunda njia nzima.

Nilimkuta akifunga mlango wa ofisi.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba. Ah, binti yangu, ile barua!” Akashika kichwa. Kumbe mwezi mzima alikuwa akimuuguza mama yake, hata kompyuta hajaigusa. Niliona aibu kwa yote niliyomwazia.

Nilikuwa nimebeba bahasha: matokeo yangu, wasifu, muhtasari wa utafiti, na karatasi moja yenye tarehe ya mwisho niliyoiandika kwa kalamu nyekundu. Naamini hiyo karatasi ndiyo iliyosaidia. Akafungua mlango tena, akaketi, akaandika. Mimi nikangoja kwenye benchi nje kwa muda wa karibu saa 2.

Nikiwa stendi ya Nyegezi simu ikalia: chuo kimethibitisha kwamba barua imefika. Nililia palepale. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza, “Umefiwa, mwanangu?” Nikamwambia hapana, mama, ni furaha.

Naomba dua zenu kwa mama yake Profesa.