Waya usiokuwepo kwenye mchoro

Jumapili ile tangazo lilisema umeme ungerudi saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili na nusu simu ikaita, nikiwa nimepiga magoti ndani ya mfereji wa kebo na tochi kichwani. Mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Neema, samaki wangu wanayeyuka huku. Nyie mnafanya nini hasa?"

Nikamwambia tunabadilisha swichi. Akauliza swichi gani hiyo ya kubadilishwa kutwa nzima. Ana haki ya kuuliza, kwa hiyo leo najibu.

Swichi yenyewe ni breka ya msongo wa kilovoti 132, miguu mitatu ya kauri mirefu kuliko mtu, na kibati chake kimeandikwa 1978. Ndani ya kila mguu kuna mafuta ya kuuzima ule moto wa cheche unaoruka pale breka inapoachia. Tulipoyafungulia yalitoka meusi kama chai ya rangi iliyolala. Tukayaweka kwenye pipa na kulipiga kufuli, maana mafuta ya aina hii yana wateja wao kwenye makarai ya chipsi, na mitambo ya umri huo lazima kwanza ipimwe kama mafuta yake hayana sumu ya PCB. (Ukikuta chipsi za bei ya ajabu karibu na transfoma iliyokaushwa, pita tu.)

Ilikuwa mbovu? Hapana, na hapo ndipo watu wasipotuelewa. Breka hukaa miaka imeshika, umeme unapita, huioni ikifanya kazi yoyote. Kazi yake inakuja siku mti ukiangukia laini, na hapo inapewa kama milisekunde 60 tu iachie na kukata umeme. Tulipoipima, fezi ya bluu, yaani mmoja wa miguu ile mitatu, ilikuwa inaachia nyuma ya wenzake. Kwa macho huoni kitu, mashine ya kupimia ndiyo inayokusomea. Halafu gridi yenyewe si ile ya 1978. Wakati huo hata Hale, megawati 21, lilikuwa bwawa la kutajwa. Leo Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mashine tisa, megawati 2,115. Uzalishaji ukikua, mkondo wa shoti nao unakua, na breka ya zamani haikutengenezwa kuukata mkondo mkubwa hivyo.

Mpya inatumia gesi ya SF6. Safi, haina masizi, ila usiiachie hewani ovyo: inalipasha joto anga zaidi ya mara 23,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Sisemi ni malaika.

Kuing'oa ya zamani na kuisimamisha mpya hakukutusumbua. Matundu ya boliti kwenye zege la zamani hayakulingana na miguu ya mpya, lakini hilo tulilijua mapema na fremu ya chuma ilishachomelewa. Saa tisa alasiri kreni ilishaondoka. Tukajaza gesi, springi ikajikaza, nikabonyeza kitufe pale kwenye boksi lake: pa! Ikaachia vizuri. Tukarudi chumba cha kuongozea kujaribu kutoka kwenye rilei, kifaa kinachogundua hitilafu na kuiamuru breka iachie. Kimya. Mara ya pili, kimya.

Mchoro unasema amri ya kutripu, yaani kuachia, inapita kwenye waya namba 14. Nikaupima: hauna hata volti moja. Lakini asubuhi ileile breka ya zamani iliachia kutoka chumba hichohicho! Maana yake amri ilikuwa na njia nyingine, na njia hiyo tulikuwa tumeing'oa wenyewe bila kujua. Saa mbili nzima zikaishia mferejini, mwenzangu juu na mchoro, mimi chini na mita.

Mwisho nikampigia mzee aliyenifundisha kazi, mstaafu sasa, yuko shambani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmeifikia ile ya mafuta?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. "Namba 14 ililiwa na panya zamani. Niliazima waya kwenye kebo ya alamu. Tafuta uliofungwa plasta ya kidonda. Utepe ulikuwa umeisha."

Plasta! Asubuhi niliiona kwa macho yangu. Nikadhani ni waya wa akiba, nikaukunja na kuufunga pembeni, kwa sababu hauna namba na kwenye mchoro haupo. Nikamwuliza mbona hakuuchora. "Tulikuwa gizani, mji wote unapiga simu. Nikasema nitauchora kesho."

Tukaunganisha. Rilei ikaamuru, breka ikaachia, mara tatu mfululizo, fezi zote pamoja. Tukaondoa ethi, zile nyaya za usalama zinazounganisha laini na ardhi, tukizihesabu moja moja, pamiti ya kazi ikarudishwa, na saa tatu na dakika kumi usiku laini ikawa na moto. Kabla ya kuondoka nilichukua kalamu nyekundu nikauchora ule waya, nikaandika namba na tarehe, mikono bado ina mafuta. Karatasi ina dole gumba langu sasa. Plasta sikuibandua.

Samaki wa mama tumewala siku tatu mfululizo.