Dakika nane za Hagler na Hearns

Nimetoka kulitazama tena pambano la mabondia Marvin Hagler na Thomas Hearns, Las Vegas, Aprili 15, 1985.

Jamani, raundi ile ya kwanza!

Hearns alikuwa mrefu, na silaha yake ni mkono wa kulia. Hagler akamwingilia tangu kengele, akamnyima nafasi ya kunyoosha ngumi. Hearns akajibu kwa makonde mazito ya kichwa hadi mkono wenyewe ukavunjika.

Raundi ya tatu, damu inamchuruzika Hagler usoni. Refa anasimamisha, daktari anakagua jeraha.

Hapa ndipo narudisha nyuma kila mara. Akiruhusiwa tu, Hagler hajikingi. Anajua pambano linaweza kukatizwa wakati wowote, anamfuata Hearns mpaka anamwangusha.

Ninyi ni raundi gani hamjaisahau?