Robo ya Sukari na Kiroba cha Kibosho

Korona ilipoingia mwaka 2020, Tanzania haikuamuru watu wajifungie ndani, lakini hapa Moshi nyumba nyingi zilijifunga zenyewe wageni wa mlimani walipoacha kuja. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi, shule zikafungwa siku iliyofuata, na mwezi Aprili safari za ndege za kimataifa zikasitishwa. Mume wangu ni mpagazi. Alishuka mlimani mara ya mwisho mwanzoni mwa Machi, na kwa miezi iliyofuata hakuleta nyumbani hata shilingi moja ya kazi hiyo.

Sukari ndiyo iliyotangulia kuadimika. Viwanda vya nchini husimama wakati wa masika kwa kuwa miwa haivuniki matope yakizidi, na pengo hilo huzibwa kwa sukari ya kutoka nje, ambayo mwaka ule ilichelewa. Ramadhani nayo ikaingia mwishoni mwa Aprili. Kilo niliyozoea kuinunua kwa shilingi 2,600 ikafika 4,000, na mwenye duka la mtaani kwetu akawa hauzi zaidi ya robo kwa mtu mmoja, akiimimina kwenye mfuko wa kaki punje kwa punje mpaka mzani utulie. Malimao na tangawizi vilipanda pia, maana kila nyumba ilikuwa ikijifukiza.

Sisi tuliokolewa na kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, cha mama mkwe kule Kibosho. Kila Ijumaa alituma kiroba kwa Hiace: ndizi za kupika aina ya mshare chini, magimbi juu yake, kisha maharage yaliyofungwa kwenye kipande cha khanga. Nilimenya ndizi nikiwa nimejipaka mafuta mikononi ili utomvu usigande, na mtori, supu nzito ya ndizi, ukachukua nafasi ya chai na mkate. Uji wa mtoto niliukorogea ndizi mbivu iliyopondwa, sufuria ikiwa bado jikoni, naye hakuwahi kuulizia sukari.

Jirani yetu, mpangaji aliyetoka Singida na kupika katika hoteli moja ya mjini, hakuwa na kihamba wala mkwe wa kumtumia kitu. Ninaumia ninaposikia watu wakisema kwamba hatukuteseka kwa kuwa hatukufungiwa. Soko la Mbuyuni lilijaa ndizi siku zote, naye alipita kando ya mikungu hiyo akiwa na nauli tu mfukoni. Kiroba tulikigawa, lakini unga, mafuta ya kula na sabuni alivichukua kwa daftari, na ukurasa wake ulijaa kabla ya Mei kwisha.

Mwezi Juni alirudi kwao. Deni lake tulilimaliza Novemba, sisi na jirani mwingine, mume wangu alipopata safari tena.