Mwalimu wa Hisabati, Baada ya Kengele

Ukitaka kurudi Moshi, rudi Desemba. Desemba kila mtu yuko njiani kurudi: magari ya Dar yamejaa barabara ya Marangu, mbuzi wamepanda bei, na hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Mimi nimerudi Februari, na mke, mtoto na masanduku yote. Mwenye duka hapa Kiboriloni aliitazama mizigo yangu, akauliza kwa upole, "Mangi, huko Ujerumani wamekufukuza?"

Hawajanifukuza. Mkataba umeisha, mama amezeeka, na binti yangu alishaanza kunijibu Kijerumani nikimsemesha Kiswahili. Hayo yana siku yake. Leo nina habari za mwalimu wangu wa hisabati.

Alinifundisha kuanzia darasa la nne hadi la saba, na katika miaka yote hiyo tulimjua kama watoto wanavyomjua mwalimu. Tuliutambua mwendo wake kabla hajafika mlangoni. Tulijua anaandikia mkono wa kushoto. Tulijua mshahara umetoka, kwa sababu siku hiyo ameshuka mjini na sisi tunalima bustani ya shule. Basi. Anapenda nini, anachukia nini, na kwa nini alikubali kushinda na watoto wenye kamasi kutwa nzima, hakuna aliyewahi kujiuliza. Nadhani tuliamini usiku analala ofisini.

Siku hizi anakaa Msaranga, kwenye nyumba yake, peke yake. Aliposikia nimerudi alimtuma mjukuu wa jirani aniite. Sikujua naitiwa nini. Nilichomekea shati, kwa umri huu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Ni wewe uliyekuwa unaandika saba kama moja?"

Kumbe aliniitia simu. Redio yake imeanza kukoroma, na amesikia kuwa mpira unapatikana kwenye simu, ila hajui pa kubonyeza. Mwalimu ni Yanga. Si Yanga ya kusema tu, ni Yanga ya kununa siku mbili timu ikifungwa. Kwenye kabati la vyombo, pale ambapo wengine huweka vikombe vya wageni, ana madaftari ya msimamo wa ligi aliouandika mwenyewe kwa peni: michezo, magoli ya kufunga, ya kufungwa, tofauti, pointi. Magazeti yalikuwa yanafika yamechelewa, kwa hiyo alisikiliza matokeo redioni na kupiga hesabu mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini maswali yake ya darasani yalikuwa na timu A na timu B kila mara, na kwa nini timu A ndiyo iliyokuwa ikishinda.

Tangu siku hiyo napita kwake mara kwa mara. Ananipa kahawa, si chai, na ajabu yake unaijua kama umekulia mlimani, ambako tulilima kahawa miaka yote na kunywa chai. Hana sukari nyumbani. Mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, haupendi, na anakuomba usimwambie mtu.

Siku moja nilimuuliza kama ualimu ulikuwa wito. Alicheka. "Wito wana mapadri. Mimi nilikuwa nataka mshahara."

Baba yake alikuwa na kihamba kizuri, shamba la ukoo la migomba na kahawa, huko Old Moshi, na kahawa yake alipeleka chama cha msingi, ikaenda KNCU, ule ushirika wa tangu 1933 uliosomesha nusu ya mlima. Fedha ya kahawa ilisomesha kaka zake sekondari. Yeye alimaliza darasa la saba, na kwa mila zetu kihamba ni cha watoto wa kiume; binti anasubiri kuolewa. Alikuwa hataki kusubiri. Ndipo serikali ikaja na mlango ambao haukuwa umekusudiwa yeye hasa. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, na walimu hawakuwepo wa kutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku wanasoma ualimu palepale vijijini kwa miaka mitatu. Mwalimu aliingia 1976. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Hao ndio walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, na wenye umri wangu wanakumbuka utani wake: Ualimu Pasipo Elimu. Kwenye mkoa ambao misheni zilianza kusomesha watu mapema, utani ule ulikuwa na meno. Mzazi mmoja alikuja shuleni na daftari la mwanawe, akapita mbele yake na kumwomba mwalimu mkuu ampe mtoto "mwalimu wa kweli". Hesabu zilizosahihishwa mle ndani zilikuwa sahihi zote. Mwalimu bado analikumbuka swali lenyewe; lilikuwa la faida na hasara.

Akajiendeleza. Mchana anafundisha, usiku anasoma kwa taa ya kandili; akafanya mtihani wa maarifa, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha chuo cha ualimu kupata daraja A, cheti cha kufundisha shule ya msingi. Nilidhani aliegemea hisabati kwa sababu ndiyo iliyomwelea. Hapana. Kiswahili ndicho alichokiweza zaidi, na mpaka leo anatunga mashairi ambayo hanionyeshi. "Insha mtu anaweza kuisoma akasema hii ni ya UPE," aliniambia. "Kumi na mbili mara kumi na mbili, atasema nini?"

Na mshahara alioutaka? Ulikuwa mdogo, lakini haukutegemea mvua wala soko la dunia. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989, bei ikaporomoka, na wakulima wengi wa mlimani wakaanza kuitelekeza mibuni. Ada za watoto wa kaka zake, wale wale waliorithi kihamba, zikaanza kutoka kwenye mshahara wa dada. Alilipa, na kila shilingi aliiandika kwenye daftari. Kiwanja cha Msaranga alikinunua kwa jina lake kabla ya ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haijatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Anasema sheria ilimkuta ameshaezeka.

Kuna jambo moja hatujaelewana, nalo ni fimbo. Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Yeye alitufundisha kabla ya hapo, na alichapa kwa hesabu: kosa moja, kiboko kimoja. Nilimwambia kuna wenzetu walioichukia hisabati maisha yao yote kwa sababu hiyo. Akanyamaza, kisha akasema aliogopa wazazi waone tumefeli na kusema, si tulijua, mwalimu mwenyewe UPE. Namwelewa. Ila mkono uliochapwa haukuwa wa yule mzazi, na hilo nilimwambia. Akaniambia ninywe kahawa inapoa.

Alistaafu 2020. Ungedhani kazi imekwisha, lakini ukipita Jumamosi asubuhi utakuta walimu wawili watatu barazani na bahasha za khaki. Tangu kikokotoo kipya cha pensheni kianze Julai 2022, na mkupuo, ile sehemu ya mafao inayolipwa mara moja unapostaafu, kuwa asilimia 33 kabla ya kupandishwa hadi 40 kwa watumishi wa serikali mwaka 2024, kila anayekaribia kustaafu anataka kujua atashika nini mkononi. Yeye mwenyewe alitoka kabla, na mkupuo wa nusu ya mafao yake. Anawapigia hesabu hatua kwa hatua kwenye karatasi, halafu anamrudishia mwenyewe peni: "Haya, rudia wewe nione." Mwalimu mkuu mzima niliona ameganda kwenye kugawanya.

Wiki iliyopita nilimwomba amsaidie binti yangu sehemu na desimali. Kusoma hesabu kwa Kiswahili kumemchanganya. Nilitarajia aseme mlete tu, mwanangu, huyu ni mjukuu wangu. Akachukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la mtoto. "Elfu mbili kwa kipindi. Unalipa kabla." Nikajaribu kupunguza, kidogo tu, kwa mazoea ya soko la Kiboriloni. Akaniuliza kama huko Ujerumani nilikuwa nafanya kazi bure. Tumeanza Jumamosi saa tisa, isipokuwa Yanga ikiwa inacheza. Hapo kipindi kinahamia Jumapili, na bei ni ileile.