Mradi wa miguu: ukuta kwanza, blanketi baadaye

Lengo ni dogo: niendeshe pikipiki saa nzima kwenye baridi, na nikishuka magoti yakunjuke bila ubishi. Kifua na mikono vimeshapata ufumbuzi. Miguu ndiyo imebaki.

Nimeacha kuongeza suruali juu ya suruali. Dawa hiyo inamfaa anayetembea, si anayepigwa na upepo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa kanuni ya baridi ya upepo inayotumika Marekani na Kanada tangu 2001, hewa ya nyuzijoto 5 kwa mwendo huo huipiga ngozi tupu kama nyuzijoto 3 chini ya sifuri. Mguu umevikwa, sawa, lakini jinzi ni kama chujio: upepo unapita na kuondoka na joto lote. Ikiloa ndiyo balaa, maana maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia.

Goti ndilo linaloteseka kuliko paja. Liko mbele kabisa, halina nyama wala mafuta ya maana, na ukilikunja suruali inakazwa hadi ile hewa kidogo inayotunza joto inaminywa nje.

Kabla ya kushona chochote nilijaribu magazeti, kurasa kadhaa zilizopangwa chini ya suruali kuanzia katikati ya paja hadi chini ya goti. Yanazuia upepo vizuri mno. Shida ni jasho na mvua, na ule mchakacho kila ukibadilisha gia. Lakini yalinithibitishia kwamba kitu chembamba kisichopitisha upepo kinashinda kitu kinene kinachopitisha.

Sasa nashona. Nilifikiria kwanza aproni kubwa inayofungwa kwenye pikipiki yenyewe na kufunika mapaja yote mawili. Ina joto zaidi, sikatai, ila injini yangu hupozwa kwa hewa na sitaki kitambaa kizibe njia ya upepo kwenye mapezi ya silinda. Pia nataka kushusha mguu ghafla bila kunaswa. Kwa hiyo kila mguu una kifuniko chake, kinachovaliwa juu ya suruali na kufungwa kiunoni.

Nje ni nailoni isiyopitisha maji, ndani kitambaa laini cha blanketi. Vipimo nilivichukua nikiwa nimekaa kwenye pikipiki, miguu juu ya vikanyagio. Mtu akipimwa amesimama, kifuniko kinapanda hadi katikati ya muundi akikaa, na baridi inaingilia hapo. Kwenye goti nimeacha marinda mawili ili nguo isikazwe. Zipu iko pembeni nje, na ulimi wa kitambaa unaifunika ukielekea nyuma ili upepo usiufunue. Chini kinavuka juu ya buti, maji yasitiririkie ndani.

Upande wa ekzosi umenichukulia muda kuliko vyote. Nailoni huyeyuka kwenye nyuzijoto mia mbili na kitu, na bomba karibu na injini linaweza kupita hapo. Nimeshona kipande cha ngozi upande wa ndani wa kifuniko cha mguu huo, kisha nikafunga lastiki mbili zisizoacha kitambaa kipepee. Ncha zote zimefichwa, hakuna kamba inayoning'inia karibu na pedeli ya gia wala ya breki.

Matokeo barabarani: magoti yako sawa, mapaja sawa. Vidole vya miguu bado. Nilipovaa soksi nene zaidi buti likabana, damu ikapita kwa shida, baridi ikaongezeka. Nimerudi kwenye soksi moja ya sufu na nafasi ya kuchezesha vidole.

Kinachofuata ni pedi za umeme za magoti. Jozi ya wati 30 kwenye volti 12 itavuta ampea 2.5, si nyingi, lakini jenereta ya pikipiki ndogo haina ziada kubwa. Nitaweka fyuzi, kisha nipime betri injini ikinguruma pikipiki ikiwa imesimama, taa zimewaka na pedi zimewashwa. Volti zikishuka chini ya 12.6 maana yake betri inaliwa, na hapo pedi zitawashwa tu mwendo ukiwa umechanganya.