Uso mweusi, kanzu nyeupe, flashi moja

Ukumbi wa harusi usiku ni mtihani mgumu kwa yeyote anayejifunza flashi. Bwana harusi ana ngozi nyeusi, kanzu yake ni nyeupe pe, na nyuma yake kuna taa za mapambo za zambarau. Kamera ikiachiwa ijiamulie, itachagua kimoja: ama nyuzi za kanzu zionekane na uso uzame gizani, ama uso uonekane na kanzu igeuke karatasi tupu. Vyote viwili vinapatikana kwa flashi moja ya kawaida, lenzi iliyokuja na kamera, na programu ya bure.

Kwanza chanzo cha tatizo. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu wala uso. Kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha kati. Kanzu ikijaza fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama. Suti nyeusi inaleta kinyume chake. Flashi ya TTL, yaani inayojipangia nguvu yenyewe kwa kupima mwanga unaopita kwenye lenzi, nayo hudanganyika vilevile, maana hutoa mmweko mdogo wa kupima kabla ya ule wa picha, kisha husoma kilichorudi. Ukiitumia mbele ya kanzu, ongeza fidia ya flashi hadi +1 hivi. Mbele ya suti nyeusi, punguza hadi −2/3. Ndiyo maana kwa anayeanza napendekeza flashi ya kupangwa kwa mkono, kama Godox TT600 au Yongnuo YN560 IV. Ukishapata kipimo sahihi, hakiyumbi kwa sababu tu mgeni mwenye nguo nyeupe amepita mbele yako.

Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe): shata 1/100, tundu la lenzi f/4, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800, na picha zihifadhiwe kwa RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. Hiyo 1/100 ina sababu. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/100 inameza pigo moja zima, kwa hiyo hupati mistari ya giza inayokatiza picha. Piga picha moja flashi ikiwa imezimwa. Unataka mapambo yaonekane, huku nyuso zikiwa na upungufu wa stopu mbili hivi (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu). Ukumbi ukiwa mweusi ti, shusha shata hadi 1/50. Mwanga wa flashi hautabadilika, kwa sababu mmweko wake ni mfupi kuliko muda shata inapokuwa wazi. Kitakachoongezeka ni mwanga wa ukumbi peke yake. Hili ukilishika, umeshashika nusu ya somo: shata inatawala ukumbi, nguvu ya flashi inatawala uso, tundu na ISO vinagusa vyote viwili.

Sasa washa flashi kwa nguvu ya 1/8, elekeza kichwa chake darini, na ukilaze kidogo kuelekea nyuma yako. Kwa nini 1/8? Tuseme flashi yako ina namba ya nguvu (guide number, ambayo ukiigawanya kwa umbali wa mita unapata tundu la lenzi) 36 kwenye ISO 100, kichwa kikiwa kwenye 35mm. Mwanga unapanda darini na kushuka usoni, safari ya kama mita 5. Gawanya 36 kwa 5, unapata f/7.2. Dari nyeupe inameza takriban stopu mbili, unabaki na f/3.6. ISO 800 iko stopu tatu juu ya ISO 100, na 1/8 iko stopu tatu chini ya nguvu kamili, zinafutana. Kwa hiyo f/4 ni mahali pazuri pa kuanzia. Usichukue namba iliyoandikwa kwenye boksi: ile 58 ya YN560 hupimwa kichwa kikiwa kimevutwa hadi 105mm, ambako mwanga umebanwa.

Baada ya picha ya kwanza, usitazame picha nzima. Kuza mpaka uone darizi ya shingoni mwa kanzu. Ukiona nyuzi zake moja moja, upo salama. Pakiwa na doa jeupe lisilo na chochote, na onyo la mwanga uliozidi linapepesa hapo, punguza flashi kwa theluthi moja ya stopu na upige tena. Onyo likipepesa kwenye balbu za mapambo tu, liache.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kuhusu ngozi yetu. Wanadhani uso mweusi unahitaji mwanga mwingi, wanaelekeza flashi moja kwa moja usoni na kuongeza nguvu. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli, na mng'ao ni taswira ya chanzo cha mwanga kikijitazama kwenye ngozi. Flashi tupu ni chanzo cha sentimita chache, kwa hiyo inaacha doa dogo kali kwenye paji la uso na ncha ya pua, na sehemu nyingine zinabaki butu. Dari ni chanzo cha mita kadhaa: mng'ao wake unatandazwa shavuni, unafuata mfupa, na uso unapata umbo. Kinachohitajika ni mwanga mpana. Kwa miaka mingi Kodak ilipelekea maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, na nyuso zetu zikatoka kwenye mashine zilizopangwa kwa ngozi isiyo yetu. Leo kila kipimo kiko mikononi mwetu, basi tukitumie.

Mwanga wa dari unapotoka juu moja kwa moja, macho hubaki na mashimo ya giza. Kata karatasi ya manila nyeupe, kama sentimita 10 kwa 15, ifunge kwa mpira wa noti nyuma ya kichwa cha flashi, ichomoze juu. Itasukuma sehemu ndogo ya mwanga mbele na kuweka nukta ya uhai ndani ya mboni.

Dari ya jipsamu nyeupe ni neema. Dari ya mbao au ya vitambaa vya rangi itapaka nyuso rangi yake. Makuti hayarudishi kitu. Kwenye kumbi za makuti za pwani, geuza kichwa cha flashi kwenye ukuta mweupe ulio pembeni, au itoe kabisa juu ya kamera. Kile kikombe cha plastiki cheupe kinachovalishwa flashi hakina maana mahali pasipo na dari wala kuta karibu: hakipanui chanzo, kinakula nguvu tu.

Ukiitoa flashi juu ya kamera, isimamishe kwenye stendi na mwavuli mweupe wa kama sentimita 100, mita moja na nusu hivi kutoka kwa mtu, pembeni kwa nyuzi 45. Inua mwavuli juu ya kimo chake na uuelekeze kwenye paji la uso au juu kidogo, ili kifua kipate ukingo wa mwanga tu. Hivyo kanzu inapata kidogo na uso unapata kingi, kabla hujagusa kompyuta. Kwa maharusi wawili, tumia umbali: mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo aliye mita 1.4 anapata nusu ya anachopata aliye mita 1. Bwana mwenye suti nyeusi akae upande wa flashi, bibi harusi mwenye shela nyeupe upande wa mbali. Ukiwapanga kinyume, shela itaungua na suti itakuwa shimo.

Yanayoharibika mara kwa mara ni machache. Ukanda mweusi chini au juu ya picha maana yake shata imepita kasi ambayo kamera inaweza kuoana na flashi, kwa kamera nyingi 1/200 au 1/250, rudi 1/160. Picha ya tatu mfululizo ikitoka giza, flashi haijajichaji. Weka betri nne za NiMH za kuchaji badala ya alkali, kwani zinatoa mkondo mkubwa kwa haraka, na usipige kwa nguvu kamili mfululizo mpaka kichwa kiwe cha moto. Uso ukiwa wa samawati huku ukumbi ni wa njano, ni rangi mbili za mwanga zinagombana: funika flashi kwa kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha weka mizani ya weupe ya kamera (white balance) kwenye alama ya balbu.

Kuhusu lenzi sina mengi. Ile 18-55mm f/3.5-5.6 inatosha, ila ukiivuta hadi 55mm tundu lake haliwezi kuzidi f/5.6, kwa hiyo panda hadi ISO 1600 au flashi iende 1/4. Lenzi ya 50mm f/1.8 ni nzuri sana, lakini kwenye kamera ya sensa ndogo ya APS-C, ukiwa mita 1.5 kwa f/1.8, kina cha ukali ni kama sentimita 6: jicho kali, sikio ukungu. Watu wawili wakikumbatiana, nenda f/4. Ukinunua ya mtumba kwa Nikon za daraja la D3000 na D5000, jihadhari na AF 50mm f/1.8D, kamera hizo hazina mota ya kuizungusha, utalenga kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Na kwa unyevu wa Dar, Mombasa au Unguja, mulika tochi ya simu kupitia nyuma ya lenzi kabla ya kulipa. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu huondoka na ukali wa picha. Nyumbani itunze kwenye kontena lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli.

Kwenye kompyuta, darktable na RawTherapee zote ni za bure na zinafungua RAW za Canon na Nikon. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 kwa kila rangi, JPEG ina 256. Tofauti hiyo ndiyo inayokuruhusu kurudisha darizi iliyokaribia kupotea. Darktable huandika kazi yako kwenye faili ya xmp kando ya picha, basi ukihamisha picha, hamisha na faili yake.

Anza na mizani ya weupe, na usichukulie kanzu kuwa nyeupe halisi. Iliyofuliwa kwa buluu, au kwa sabuni ya kung'arisha, ina usamawati. Ukiibofya, picha nzima inageuka njano. Ya rangi ya maziwa italeta ubluu. Piga picha moja ya kadi ya kijivu chini ya mwanga uleule, uibofye hiyo. Kisha panga mwangaza wa jumla kwa kutazama uso, halafu teremsha sehemu angavu mpaka darizi irudi. Usinyanyue vivuli vya picha nzima, maana ngozi nyeusi ikinyanyuliwa hivyo inageuka majivu na mabaka ya rangi yanajitokeza. Chora barakoa ya brashi usoni (eneo pekee litakaloguswa na badiliko), ilainishe ukingo, ongeza theluthi hadi nusu stopu. Ngozi ikielekea kijani kwa sababu ya taa za ukumbi, sogeza kidogo kuelekea zambarau ya waridi (magenta).

Na usimchubue mtu. Kupunguza rangi ya chungwa ili ngozi iwe nyeupe, au kulainisha mpaka vinyweleo vipotee, ni kumpa mama wa bwana harusi picha ya mtoto wa mwingine.

Mwangaza wa skrini uwe wa kadiri, karibu nusu, la sivyo picha zikisafishwa zitatoka giza. Hifadhi kwa mfumo wa rangi wa sRGB, JPEG ya ubora wa 90. Inchi 6 kwa 4 inahitaji pikseli 1800 kwa 1200. A4 inahitaji 3508 kwa 2480. Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, isibanwe. Kabla ya kupeleka zote studio, safisha moja tu, itazame mchana karibu na dirisha, na utafute zile nyuzi za shingoni.